Pale Mchanga Unapokutana na Lami

Gaborone
16 Agosti 1998

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama, pamoja na mwanangu Mmoloki, ambaye naamini bado anamaliza mkate kabla wengine hawajaamka. Mimi sijambo. Baridi inaondoka hapa mjini, na zamu za hospitali zimeniachia macho mekundu tu. Magoti ya Mama yanasemaje? Na kifua chako je? Usinijibu "hakijambo", kwa sababu ndivyo ulivyonijibu mwaka jana ukiwa umelazwa.

Baba, nakuandikia kuhusu tairi.

Najua umeshacheka. Cheka, ukimaliza endelea kusoma. Tangu lami mpya ifike Kang, wodi yetu ya mifupa imejaa watu wa huko kwetu. Wengine nawajua kwa majina. Mmoja alinibeba mgongoni nikiwa mdogo, na wiki iliyopita mimi ndiye niliyembeba kumpeleka chooni. Wote wanasimulia kisa kimoja: tulitoka moraka, kwenye kambi ya ng'ombe, tukafika kwenye lami, gari likateleza vizuri kama liko sebuleni, mara tairi ikapasuka na gari likabingirika. Nawauliza, mlijaza upepo mlipofika kwenye lami? Wananitazama kama nimewauliza kama waliwapiga mswaki ng'ombe.

Nawe nakujua. Unatoka moraka tairi ni laini kwa ajili ya mchanga, unapanda lami vilevile, unakanyaga mafuta mpaka nyumbani. Na mwanangu yuko nyuma, amekalia dumu la maziwa. Niambie ukweli. Ukifika njia panda, unasimama?

Ni mimi binti yako,
Tshenolo


Kang
2 Septemba 1998

Binti yangu Tshenolo,

Barua yako dereva wa basi aliileta akiwa ameikalia njia nzima, lakini inasomeka. Sisi tuko wazima. Mama yako anakusalimu. Magoti yake yanatabiri mvua kila siku na mvua haiji. Mmoloki amerefuka, na ndama wake amempa jina lako kwa sababu hanyamazi. Kifua changu hakijambo.

Umeuliza kama nasimama njia panda. Sisimami. Nisimame nimsubiri nani?

Sikiliza, mwanangu. Mchanga huu niliuendesha kabla hujazaliwa. Siku uliyozaliwa niliuendesha, mama yako akinitukana kutoka kiti cha pembeni. Mtu akikwama huko ndani haji kukutafuta wewe mjini, anakuja kugonga mlango wangu. Na dawa ni moja: toa upepo, tairi ilegee, itandaze tumbo lake juu ya mchanga kama mguu wa ngamia. Mwenye tairi ngumu anachimba kaburi la gari lake mwenyewe. Hilo hakuna hospitali itakayonifundisha.

Sasa lami imekuja. Vema. Lami ni mchanga uliotulia. Kama tairi laini ilipita penye taabu, itashindwaje penye raha? Tena jua la huku linachemsha tairi, na tairi ikichemka inavimba. Ukiijaza sana itapata wapi nafasi ya kuvimba? Baba Oteng anasema hivyohivyo, nawe unajua kwamba rafiki yangu yule hajawahi kukubaliana nami tangu tuchimbe kisima pamoja. Kama tumekubaliana hata sisi wawili, basi jambo ni kweli.

Dereva anasema unataka tena nije kwenye simu ya posta tuongee. Siji. Kwenye simu unanifokea na watu wote wa foleni wanasikia. Kwenye karatasi naweza kukukunja nikakutia mfukoni.

Wako,
Baba


Gaborone
10 Septemba 1998

Baba,

Shikamoo, na salamu kwa Mama. Natumaini mmeamka salama. Mimi sikuamka salama, kwa sababu nililala na barua yako.

Wewe na Baba Oteng mmekubaliana? Basi mmekubaliana kukosea. Watu wawili wakipotea njia moja wanapata kampani, njia hawajaipata.

Kwenye mchanga uko sahihi, na sikubishii hata neno. Lakini kwenye mchanga unakwenda polepole. Kwenye lami unakimbia, na tairi laini ikikimbia inajikunja kila inapozunguka, inakunjuka, inajikunja tena. Chukua waya, uukunje na kuukunjua haraka, kisha uuguse kwa mdomo. Utaungua. Ndivyo inavyokuwa ndani ya tairi yako, na wewe huoni, kwa sababu kwa nje inang'aa tu. Jua unalolilaumu halina kosa. Moto unautengeneza mwenyewe kwa kuiacha laini! Halafu ikipata moto mnatoa upepo zaidi, eti ipate nafasi. Baba, huko ni kumwona mtu anaungua ukamwongezea blanketi.

Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo, chini ya kufuli, kuna kibandiko chenye vipimo: cha gari tupu na cha gari lenye mzigo. Kimekuwa hapo tangu ununue pikapu ile, na nina hakika umekifunika kwa picha ya fahali.

Dereva wa basi nimempa pampu ya mguu na kipimo akuletee. Kipimo unakibana kwenye mdomo wa tairi, unasoma. Sikuombi uache kulegeza tairi kwenye mchanga. Nakuomba usimame pale mchanga unapokutana na lami, ujaze, ndipo uendelee. Ukikataa, nakuja mwisho wa muhula kumchukua Mmoloki. Sitanii, na sitasubiri aletwe kwangu kwa machela.

Binti yako anayekupenda na aliyekasirika,
Tshenolo


Kang
5 Oktoba 1998

Tshenolo,

Tunakusalimu. Joto limeanza kwa hasira, mbuzi wanagombania kivuli cha gari. Mama yako hajambo. Mmoloki hajambo, na hajui kwamba umemtumia kama kamba ya kunifungia.

Pampu ilifika. Kipimo kilifika. Picha ya fahali nimeibandua.

Jumapili nilisimama. Nakuandikia ujue kusimama huko kunagharimu nini, kwa kuwa wewe uko mjini na huoni. Pale njia panda magari yote ya moraka yanatokea, na wenye magari wote wananijua. Mimi ndiye ninayewavuta wakikwama. Sasa wananikuta mara nimepiga magoti kwenye vumbi, mara nakanyaga kipampu kama fundi cherehani aliyekosa meza. Wanapunguza mwendo ili wanicheke vizuri. Mmoja akasema, "Mzee, lami imekushinda? Tukuvute?" Kunivuta mimi!

Tairi ya pili sikuimaliza. Kifua kilibana, nikakaa chini. Mama yako akashuka na magoti yake yale. Akasema, "Sogea huko, unahema kama ng'ombe anayezaa." Akakunja gauni, akashika mlango, akakanyaga mwenyewe mpaka ya nne. Mimi nilisimama upande wa barabarani ili wanaopita wasimwone. Tangu lini mke akajaza tairi za mume wake mbele ya watu?

Kwa hiyo usiseme sikusimama. Lakini sikuahidi kwamba nitasimama tena.

Baba yako


Kang
13 Oktoba 1998

Mwanangu Tshenolo,

Nakuandikia tukiwa hai, sote watatu. Lisome hilo kwanza, ukae, ndipo uendelee.

Juzi Jumapili tulitoka moraka pamoja na Baba Oteng. Tulikuwa tumechanja ng'ombe. Asubuhi mimi na yeye tulilegeza tairi bega kwa bega kama siku zote, na njia nzima ya mchanga alikuwa nyuma yangu. Tulipofika njia panda nikasimama. Mama yako alikuwa ameshaanza kushuka kabla sijasema kitu, na mimi nilikuwa nimepiga magoti napima.

Baba Oteng akanipita polepole, akachomoza kichwa dirishani. "Baba Tshenolo! Hiyo ni ibada ya jioni, au umeangusha sarafu ya thebe?" Nikamwambia, "Simama nawe upimiwe." Akasema, "Nipimiwe? Mimi ni mjamzito?" Tulicheka sote. Mama yako alicheka mpaka akaegemea gari. Mama Oteng alikuwa ndani, pembeni ya mumewe, na hakucheka, alikuwa anatutazama tu. Kisha wakaondoka, Baba Oteng akapiga honi mpaka walipozama kwenye mteremko.

Tulijaza, tukapumzika, tukafuata.

Tuliwakuta baada ya mteremko wa pili. Gari lilikuwa limelala kwa paa kwenye majani, magurudumu juu. Moja lilikuwa chuma kitupu, na mpira wake ulitapakaa barabarani vipande vipande kama ngozi za nyoka. Nilikiokota kipande kimoja nikakitupa, kilinichoma vidole. Baba Oteng alikuwa amerushwa nje. Nilimfumba macho kwa mkono wangu. Mama Oteng alikuwa ndani, anaita jina la mama yako, mguu umegeuka kusikotakiwa. Mmoloki nilimzuia kwenye gari, lakini aliona.

Mama Oteng wameshampeleka Gaborone. Nadhani ataletwa kwenu. Mwangalie kama mama yako.

Maziko ni Jumamosi ya tarehe ishirini na nne. Ndugu za marehemu wamekuja wakiongozwa na mdogo wake, Seabelo. Wamenitaka niwe mimi wa kusimama kaburini kueleza jinsi kifo kilivyotokea, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naye mwisho. Nimekubali. Kisha Seabelo akanivuta pembeni, akasema, "Mzee wetu, utasema punda alikatiza, naye akamkwepa. Kila mtu anaelewa punda." Hapakuwa na punda, Tshenolo.

Kifua changu hakiko sawa, na leo sikudanganyi.

Baba


Gaborone
16 Oktoba 1998

Baba yangu,

Poleni. Pole wewe, pole Mama, na kwa Mmoloki sina neno, mkumbatie kwa niaba yangu. Nimelia kwenye chumba cha dawa, nikanawa uso, nikarudi kazini. Mama Oteng yuko hapa. Mfupa wa paja umevunjika. Mguu umening'inizwa kwa uzito, hawezi hata kujigeuza, sisi ndio tunaomgeuza. Aliponiona alisema, "Tshenolo, umenenepa," kisha akafunga macho. Hajaongea kuhusu ajali, na mimi sijauliza.

Sasa nisikilize. Usiseme punda.

Najua utaniambia kwamba kaburini hatumtii marehemu aibu. Kwani kufa kwa tairi ni aibu? Aibu ni kuijua sababu na kuizika pamoja na mtu. Kila Jumamosi nchi hii inasimamisha mtu mzima mbele ya jeneza aeleze kifo kilivyokuja, na kila Jumamosi mtu huyo anachagua maneno laini yasiyomkwaruza yeyote. Aliugua muda mfupi. Punda alikatiza. Mungu amempenda. Tunapangusa midomo, tunakula, tunapanda magari, tunarudi wiki inayofuata kumzika mwingine kwa sababu ileile. Tunawastahi sana wafu wetu, Baba, tunawastahi mpaka wanaongezeka.

Hebu fikiria Jumamosi hiyo. Watu watatoka wapi kuja kuzika? Kila moraka inayozunguka Kang. Watapita kwenye nini? Mchanga. Tairi zao zitakuwaje? Watasimama kaburini, watakula nyama, halafu watapanda lami na watoto wao nyuma. Utawatazama usoni useme punda?

Oteng naye atakuwepo. Gari lake analiendesha kama baba yake alivyoendesha la kwake.

Sisemi ni rahisi. Hawatakupenda. Kile kisima ni chenu nyote wawili, na sasa nusu yake ni ya ndugu za marehemu. Hilo ninalijua. Bado nakwambia, useme.

Binti yako,
Tshenolo


Kang
26 Oktoba 1998

Tshenolo,

Salamu. Tumezika.

Usiku wa mkesha Seabelo alikuja tena. Aliniketisha, akanipa chai kwa mikono miwili, akasema, "Mzee, tumeelewana?" Nikamwambia nimemsikia. Sikumwambia tumeelewana, lakini nilijua ameondoka akidhani hivyo, na nilimwacha aondoke.

Alfajiri kulikuwa na baridi kidogo. Magari yalikuwa yamejaa mpaka kwenye ua wa shule. Kabla ya ibada nilipita katikati yake. Sikuhitaji kipimo. Mengi yalikuwa yametandaza matumbo vilevile kama yalivyotoka mchangani.

Walipoita jina langu nilivua kofia. Nilisema sisi wawili tulichanja ng'ombe, tukalegeza tairi, tukatoka pamoja. Nilisema, "Tulipofika kwenye lami, mimi nilisimama nikajaza. Yeye hakusimama. Tairi yake ilipata moto, ikachanika, gari likapinduka. Hapakuwa na punda." Nikasikia mtoto ananyonya. Nikaendelea, nikawaambia, "Nimeyaona magari yenu. Kabla hamjaondoka hapa leo, jazeni. Pampu ninayo. Ni ya mguu, na mimi kifua changu kibovu, mke wangu ndiye anayenijazia. Ndiyo, mke wangu." Hapo mtu mmoja nyuma alitaka kucheka, akakosa mwenzake.

Seabelo alisema kwa sauti, "Kaa chini, mzee. Umekuja kuzika au kumsuta?" Oteng alikuwa mbele, karibu na jeneza. Alinitazama moja kwa moja, kisha akapita katikati ya watu akatoka. Hakutia udongo. Mtoto wa kwanza wa kiume, hakutia udongo kwenye kaburi la baba yake, na ni mimi niliyemtoa.

Chakulani hakuna aliyeketi nasi. Mama yako alipelekewa sahani mkononi, kama mgeni asiyejulikana. Magari mawili yalijazwa. Unataka kujua mangapi hayakujazwa, lakini sikuhesabu.

Jana Seabelo alimtuma mtu. Amesema ng'ombe wangu wanywe kisimani mwezi mmoja tu, baada ya hapo niwatafutie maji kwingine. Kisima tulikichimba mimi na Baba Oteng tukiwa vijana, tulikula uji wa maji mwaka mzima. Sitagombana. Nitawahamisha taratibu, kabla joto halijazidi. Mmoloki amefunga shule, atanisaidia, usinikatalie.

Sijutii nilichosema. Ningekisema hata bila wewe, nadhani. Lakini usiniandikie kunipongeza. Nilimpoteza rafiki Jumapili ile, na Jumamosi nikampoteza tena.

Kuna jambo moja limebaki. Mke wake hakuwepo kaburini. Yuko mikononi mwako, na kwa desturi mtu lazima amwambie mjane kilichosemwa. Ndugu zake watamwambia punda. Mwambie wewe.

Baba


Gaborone
3 Novemba 1998

Baba yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mmoloki akae na akusaidie kuhamisha ng'ombe. Sitakuja kumchukua. Simwondoi kwenye gari linalosimama.

Sikupongezi. Umenikataza, na hata usingenikataza, mdomo wangu siku hizi umepungua.

Barua yako nilikaa nayo siku kadhaa. Wewe ulisema mbele ya umati, mimi nilikuwa na mtu mmoja asiyeweza kuondoka kitandani. Niliingia na beseni kumwosha, nikatoka. Nikaingia tena, nikamchana nywele, nikatoka. Kwenye karatasi mimi ni simba, Baba. Pale kando ya kitanda nilikuwa natafuta pa kuweka mikono.

Jana jioni Mama Oteng aliniuliza mwenyewe. "Baba yako alisimama kaburini?"

"Alisimama, Mama."

"Seabelo alikuwa hapa jana. Anasema palikuwa na punda." Alikuwa anatazama dari. "Mimi nilikuwemo ndani ya gari lile, Tshenolo. Baba yako naye alisema punda?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia yote, neno kwa neno kama ulivyoniandikia: kwamba ulisimama na yeye hakusimama, kwamba tairi ilipata moto, kwamba ulivitaja hata kifua chako na pampu ya Mama. Sikulainisha. Nilijua nikilainisha kidogo nitalainisha lote.

Aliacha kutazama dari. Kisha akasema, "Nilimwona baba yako amepiga magoti. Tulipotoka pale nilimwambia mume wangu, turudi nasi tujaze. Akaniambia, kaa kimya, unataka watu wanione kama yule?" Akavuta shuka kifuani. "Kama yule. Ndiyo neno alilosema. Nimelala nalo hapa tangu siku ile."

Nilichukua taulo nikalikunja, Baba. Nikalikunjua, nikalikunja tena.

Akauliza, "Na Oteng alikuwepo baba yako aliposema?"

"Alikuwepo. Alikuwa mbele. Alikasirika, akatoka, hakutia udongo."

"Alitoka kabla au baada?"

"Baada, Mama. Baada ya Baba kumaliza."

"Basi la tairi amelisikia," akasema.

Nilitaka kumgeuza, ilikuwa saa yake ya kugeuzwa. Akanishika kifundo cha mkono, akauondoa mkono wangu taratibu. Akasema, "Wewe hapana. Ukweli nimeupokea, mikono yako bado siiwezi. Niitie nesi mwingine."

Nikamwita.

Ni mimi binti yako,
Tshenolo